Gayogayo Hakudanganya: Uchambuzi wa Mswada Mmoja wa Ngano ya Matakwa

Mswada unaochambuliwa hapa umeundwa makusudi kwa ajili ya uchambuzi huu. Hauna mwenyewe, umebeba makosa yanayojirudia kila mtu anapochukua ngano ya matakwa na kuigeuza riwaya ya giza kwa vijana wa miaka 14 hadi 18. Rasimu ya kwanza ina maneno 82,000 katika sura 34. Inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na binti wa miaka 16, na wasomaji wa majaribio wanaiweka chini kati ya sura ya 12 na ya 14. Hawasemi ni mbaya. Wanasema, "Nimeshajua itakavyokwenda," na kwa kitabu cha aina hii hakuna hukumu nzito kuliko hiyo.

Ngano yenyewe

Chanzo ni ngano ya mvuvi na mkewe. Mchoraji Philipp Otto Runge aliiandika mwaka 1806 kwa Kijerumani cha watu wa kaskazini, na ndugu Grimm wakaiweka kuwa namba 19 katika juzuu yao ya kwanza ya mwaka 1812. Mvuvi anaishi na mkewe, Ilsebill, katika kibanda kichafu kinachoitwa kwa jina la chombo cha kukojolea. Siku moja anamvua gayogayo, naye samaki anamwambia kwamba yeye si samaki wa kweli, ni mwana wa mfalme aliyerogwa. Mvuvi anamwachia. Mke anapopata habari anauliza kwa nini mumewe hakuomba kitu, anamrudisha ufukoni, na tangu hapo ni kupanda tu: nyumba ndogo nzuri, kasri, ufalme, ukaisari, upapa, na mwisho mke anataka awe kama Mungu, aamuru jua na mwezi kuchomoza. Takwa hilo la sita ndilo linalowarudisha kibandani.

Ndani ya ngano hii kuna mambo matatu ambayo wasimulizi wengi wanayapita bila kuyaona. Gayogayo hadanganyi hata mara moja. Likiombwa kasri, linakuja kasri. Ukiombwa ufalme, unakuja ufalme kamili. Hapindishi neno wala hapunguzi kipimo. Wapo wanaosoma hata takwa la mwisho kuwa lilitimizwa sawasawa, kwa kuwa Mungu katika imani ya watu wale alizaliwa mahali pa wanyama. Jambo la pili ni mume: kila anapokwenda ufukoni anajiambia kwamba jambo hili si sawa, kisha anakwenda. Ngano inamwachia huru na kumtwisha mke lawama yote. La tatu ni ile kauli ya samaki kwamba amerogwa. Inasemwa mwanzoni na hairudiwi. Hakuna anayeuliza alirogwa na nani, kwa kosa gani, wala atafunguliwa vipi.

Ukombozi wa mswada huu umo katika mambo hayo matatu, na rasimu ya kwanza haikugusa hata moja.

Rasimu ya kwanza ilivyokuwa

Baba anafia baharini katika sura ya 1, na binti anashika nafasi yake. Nyumbani kuna mama, ambaye ndiye Ilsebill, na mdogo wa kiume wa miaka 9 mwenye kifua kibovu. Hapo mwandishi amefanya vizuri. Riwaya ya vijana inataka mwombaji awe kijana mwenyewe, na kumwondoa baba kunaacha pengo ambalo binti analazimika kulijaza.

Matakwa ni sita, yakiangukia sura ya 2, 7, 12, 18, 24 na 33. Binti anaomba nyumba; inakuja ikiwa na maiti za wenyewe vitandani. Anaomba uzuri, anaupata, lakini kila kioo kinapasuka akijitazama. Anaomba mdogo wake asisikie maumivu tena. Mtoto anapoteza hisi za mwili mzima na kujichoma jikoni bila kujua. Anaomba baba arudi. Anarudi maiti inayodondosha maji. Anaomba watu wamtii. Wanamtii mpaka wanashindwa kula asipowaamuru. Mwisho anaomba yote yawe kama hayakutokea, na yanakuwa.

Picha hizi si dhaifu. Mtoto anayeungua huku akitabasamu ni tukio la kumkosesha msomaji usingizi. Kwa nini basi mtu anachoka?

Samaki mwenye hila anaua taharuki

Takwa linaweza kuharibika kwa njia tatu, na mwandishi anapaswa kujua anatumia ipi kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Njia ya kwanza ni neno. Mwombaji amesahau sharti au ametamka kitu chenye maana mbili. Katika hadithi za Wayunani, Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alimwombea mpenzi wake Tithonus asife, akasahau kumwombea asizeeke. Njia ya pili ni mapito: kilichoombwa kinakuja kama kilivyo, ila kimepita mahali pa kutisha ili kufika. Hadithi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902 kuhusu mkono wa nyani inakwenda hivyo. Wazazi wanaomba pauni 200 na wanazipata, zikiwa fidia ya mtoto wao aliyenaswa na mashine kazini. Njia ya tatu ni utimilifu wenyewe. Kitu kimekuja sawasawa, bila hila wala ajali, na madhara yanatoka katika kule kukipata. Ilsebill ni wa njia hii.

Rasimu yetu imetumia njia ya neno karibu mara zote. Njia hiyo inafaa hadithi fupi ya kurasa chache, ambamo takwa ni moja na pigo ni moja. Katika riwaya inageuka fumbo. Msomaji akishaona takwa la pili limepindishwa, anaacha kumwogopea binti na kuanza kusahihisha maneno yake: angesema "nyumba tupu", angesema "apone" badala ya "asisikie maumivu". Kibaya zaidi, lawama yote inamwendea samaki. Binti anabaki mtu aliyedhulumiwa na kiumbe mjanja, na mtu wa namna hiyo hana la kujutia zaidi ya uzembe wa ulimi.

Kuna kipimo rahisi. Chukua takwa, liandike upya kwa lugha ya mkataba, na masharti yote, na "isipokuwa" zote. Madhara yakitoweka, takwa hilo ni la njia ya neno. Matakwa matano kati ya sita ya rasimu yanatoweka hivyo. Lililobaki ni la utii, na si ajabu kwamba sura ya 24 hadi ya 27 ndizo wasomaji wachache waliofika huko walizisifu.

Marekebisho ya kwanza, basi, ni kumrudishia gayogayo uaminifu wake. Katika rasimu mpya anatoa kinachoombwa, kwa kipimo kilekile, na akiulizwa anajibu kweli. Jambo moja tu halisemi asipoulizwa: haumbi kitu, anahamisha. Nyumba ikija kwako imetoka kwa mtu. Pumzi ikija kwako imetoka kwa mtu. Hapo tumechanganya njia ya pili na ya tatu, na uchaguzi huo una sababu. Mapito yanatoa mtu wa kulipa, na utimilifu unamwacha binti akiwa ameshika mkononi kitu kizuri ambacho hataki kukirudisha. Msomaji hawezi tena kumtupia samaki lawama. Anamtazama binti, na giza la riwaya linaanzia hapo.

Mjumbe, mwombaji, mgawaji

Matakwa sita ni ya ngano ya kusimuliwa kwa mdomo, ambayo inakwisha usiku mmoja na ina wimbo unaorudiwa mpaka wasikilizaji wanaitikia. Kwenye maneno 82,000, marudio sita ya kwenda ufukoni na kurudi yanachosha hata yakiandikwa kwa ustadi gani. Rasimu mpya ina matakwa matatu. Lakini kupunguza hesabu pekee hakutoshi. Kila takwa linapaswa kumbadilisha binti cheo mbele ya dhambi.

Ule udhaifu wa mume katika ngano, wa kusema si sawa kisha akaenda, tunampa binti. Takwa la kwanza ni la mama yake. Yeye ni mjumbe tu. Anasimama ufukoni na kutamka maneno ya mtu mwingine: nyumba kavu, yenye sakafu ya mbao na jiko. Hajui sheria ya kuhamisha. Hana hatia, ila amejifunza njia ya kwenda.

Takwa la pili ni lake. Mdogo wake anakohoa damu, na wakati huu binti ameshaanza kushuku nyumba ilikotoka. Angemuuliza samaki, samaki angemjibu. Hamuulizi. Sura hiyo inahitaji kuandikwa polepole kuliko zote, kwa sababu kosa kubwa la kitabu kizima ni swali ambalo halikuulizwa. Msomaji anapaswa kuliona swali likipanda mpaka kwenye meno na kumezwa. Na kwa kuwa takwa lenyewe ni la upendo, hakuna msomaji anayeweza kusema kwa urahisi kwamba yeye angeuliza.

Takwa la tatu linafanywa kwa ujuzi kamili. Anajua kila kitu kinatoka kwa mtu. Haombi kitu tena. Anaomba awe yeye anayechagua kinatoka kwa nani. Kwa maneno yake mwenyewe anataka kuzuia dhuluma, ili wanaolipa wawe wenye uwezo na si wanyonge. Hili ndilo takwa la Ilsebill la kuamuru jua na mwezi, isipokuwa limevaa nguo ya haki. Ngazi ya ngano ilikuwa ya vyeo vya dunia. Ngazi ya riwaya ni ya kukaribia mkono unaotoa. Ndiyo maana matakwa matatu yanaweza kubeba uzito uliokuwa wa sita bila kupoteza kupanda kwake.

Daftari

Kabla ya kuandika upya, mwandishi wa hadithi ya matakwa anapaswa kuwa na daftari lenye safu sita kwa kila takwa: alichosema, alichotaka hasa, kilichokuja, aliyelipa, anayejua, na sura ngapi zinapita kabla ukweli haujafika mezani. Safu ya pili na ya nne ndizo zinazoachwa tupu mara nyingi. Katika rasimu ya kwanza safu ya aliyelipa ilikuwa na maiti zisizo na majina, kioo, na "kitu fulani kilichokufa moyoni mwangu". Kioo si mlipaji. Mlipaji ana uso, ana mlango anaoutokea, na msomaji amewahi kumsikia akizungumza kabla hajalipa.

Tulijaze kwa takwa la kwanza. Alichosema: nyumba kavu yenye sakafu ya mbao na jiko. Alichotaka hasa: mama yake amtazame kama alivyokuwa akimtazama baba. Kilichokuja: nyumba hiyohiyo. Aliyelipa: mjane anayekaa upande wa pili wa ufuko na mjukuu wake wa kike, waliozinduka asubuhi juu ya mchanga mtupu. Anayejua: hakuna, kwa sura nne. Mjane aliyeonekana katika sura ya 2 akimpa binti uzi wa kushonea wavu anakuwa mzito zaidi ya maiti kumi zisizojulikana.

Ugunduzi ufanywe kwa kitu kidogo cha mbao. Kwenye mwimo wa mlango wa nyumba mpya kuna alama za kisu, moja juu ya nyingine, za vimo vya watoto waliokulia humo. Binti anaziona siku ya kwanza na kuzipita. Ni sehemu ya uzuri wa nyumba. Sura ya 6 anampima mdogo wake hapo na kuchonga alama mpya. Sura ya 8 mjukuu wa mjane anakuja mlangoni kuomba kibarua, anasimama kwenye mwimo, na utosi wake unalingana na alama ya juu kabisa. Hasemi kitu. Hakuna haja ya mzimu wala damu ukutani. Kitu kimoja kimetajwa mara tatu, na mara ya tatu kinauma.

Kwa takwa la pili mlipaji ni huyo mjukuu. Pumzi ya mtoto wa miaka 9 imetoka kwake, na kwa kuwa wakati huo amekuwa rafiki wa binti, msomaji anaweza kusikia kikohozi kikihama kutoka kitanda kimoja kwenda kingine. Walipaji wanapaswa kusogea karibu kila mara: mtu wa ufuko wa pili, kisha rafiki, kisha mtu wa damu.

Raha isiharakishwe

Rasimu nyingi za giza zinaadhibu takwa kwenye ukurasa unaofuata. Hilo ni kosa la woga. Mwandishi anaogopa msomaji atasahau kwamba hadithi ni ya kutisha. Ngano yenyewe ina subira zaidi. Mvuvi na mkewe wanakaa katika nyumba yao ndogo siku nane au kumi na nne hivi, wana bata na kuku uani na bustani ya mboga, kabla mke hajaanza kuiona finyu.

Baada ya kila takwa katika rasimu mpya kuna hatua tano, na zinafuatana hivi: matumizi, raha, shaka, deni, kuficha. Raha inapewa sura mbili nzima baada ya takwa la kwanza na mbili baada ya la pili. Mtoto akipona, mwache akimbie. Mwache apande mti, apige mbizi, acheke mpaka akamwagike maji puani. Msomaji akishaupenda uzima huo, hataki urudishwe, na hapo anakuwa mshiriki wa binti bila kuombwa. Ukimnyima raha hiyo, deni likija litamkuta akiwa mtazamaji tu.

Hesabu ya rasimu mpya ni maneno 75,000, sura 30 za maneno 2,500 hivi. Takwa la kwanza linafungwa mwishoni mwa sura ya 4, msomaji akiwa amekwenda maneno 10,000 na kuujua ufuko na watu wake. La pili ni sura ya 12, kwenye maneno 30,000. La tatu ni sura ya 22, kwenye maneno 55,000, na linaacha maneno 20,000 ya matokeo. Wengi hulichelewesha takwa la mwisho hadi ukingoni mwa kitabu wakidhani ndilo kilele. Kilele ni uamuzi wa kwanza binti anaoutoa akiwa mgawaji, na uamuzi huo hauwezi kuandikwa kwa kurasa kumi.

Sura ya 20 ya rasimu ya kwanza, ambamo kikongwe mmoja anaeleza sheria zote za samaki kwa kurasa tisa, inafutwa yote. Sheria ya kuhamisha inafika kwa vipande: mwimo wa mlango, kikohozi kilichohama, na mwisho jibu la samaki mwenyewe, sentensi moja, pale binti anapouliza hatimaye katika sura ya 15.

Bahari na wito

Katika rasimu ya kwanza bahari imechafuka tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo haina pa kwenda. Runge alikuwa mchoraji na aliipanga bahari yake kwa rangi. Mara ya kwanza maji ni maangavu. Kwa takwa la kwanza yamekuwa ya kijani na manjano. Kwa la pili ni zambarau, buluu nzito na kijivu, mazito, ingawa bado yametulia. Kwa la tatu ni meusi ya kijivu, yanafura kutoka chini na kunuka. Baadaye ni meusi mazito yanayochemka. Kisha meli zinapiga mizinga ya kuomba msaada huku anga ikibakiwa na buluu kidogo katikati. Mwisho mawimbi meusi yanakuwa marefu kama minara.

Kwa matakwa matatu tunahitaji hatua nne tu: maangavu, kijani na manjano, zambarau nzito, kisha meusi yanayofura. Zisiishie kwenye rangi. Huu ni ufuko wa wavuvi, na wavuvi wanaisoma bahari kwa kazi. Baada ya takwa la kwanza nyavu zinapanda na utelezi usiooshwa kwa maji matamu. Baada ya la pili mashua haziendi mbali na chambo kinarudi bila kuguswa. Baada ya la tatu hakuna anayevua, na hapo ndipo watu wanapoanza kuwa na haja ya mtu anayeweza kuwapa vitu. Mandhari inakuwa sababu ya msuko, haibaki pambo.

Wito wa kumwita samaki pia ubebe kazi. Katika ngano mume anakariri kwamba mkewe hataki atakavyo yeye, maneno yaleyale mara zote sita. Riwaya ina nafasi ya kuyageuza. Mara ya kwanza, mizani nane kila mstari:

*Samaki, hebu sikia,*
*neno nakufikishia,*
*si langu, nasaidia,*
*mama ameniambia.*

Mara ya pili mistari miwili ya juu inabaki na ya chini inageuka: *langu, nimejitakia, na mama sikumwambia.* Mara ya tatu binti haimbi kabisa. Anasimama tu, na samaki yuko pale tayari. Msomaji aliyezoea wimbo ataona pengo lake bila kuelezwa.

Takwa la kufuta, na hatari ya maji

Takwa la sita la rasimu ya kwanza linafuta kila kitu, pamoja na kumbukumbu. Mwandishi atasema ngano pia inarudi mwanzo. Hairudi. Mvuvi na mkewe wamerudi kibandani, na ngano inasema wamekaa humo hadi leo, wakiwa wameshakuwa na kasri na taji. Kibanda cha mwisho si kile cha kwanza kwa sababu waliomo wanajua. Kanuni ya kufuata ni hii: vitu vinaweza kurudi, ujuzi haurudi, na aliyekufa kwa sababu ya takwa hafufuki kwa takwa jingine.

Katika rasimu ya pili mwandishi alijaribu njia nyingine, na yenyewe ina hatari kubwa zaidi. Binti, akiwa amelemewa na hatia, anaingia baharini na kuchukua nafasi ya gayogayo, kisha kijiji kinapona. Kwa ufundi, inaonekana nadhifu. Kwa msomaji wa miaka 15 anayepita kipindi kigumu, tukio hilo linasema kwamba mtu aliyekosea anaweza kuwapunguzia wengine mzigo kwa kujitoa uhai, na kwamba watamshukuru. Mwandishi hakukusudia hivyo. Lakini kuingia majini, utulivu unaofuata na watu kupona baadaye ni picha kamili ya kujiua kunakolipwa kwa amani, na jina la samaki haliifichi. Riwaya ya giza inaweza kuzungumza juu ya kukata tamaa kwa ukweli wote. Isiipe hali hiyo sura ya suluhisho. Katika toleo la mwisho binti anafika ufukoni usiku akiwa na wazo hilo, mjane aliyepoteza kila kitu kwa sababu yake anamkuta, na wanakaa mpaka alfajiri. Mjane hamsamehi. Anamwambia tu arudi naye, kuna maji ya kuchota. Hakuna maelezo ya namna ya kujidhuru, na hakuna sifa kwa wazo lenyewe.

Binti, basi, anabaki nchi kavu. Takwa la tatu linamfanya mgawaji akiwa hai, miongoni mwa watu walewale. Gayogayo anafunguliwa: mtu mzima mwenye joho lililolowa anatoka majini na kwenda zake bila kushukuru, na hivyo jibu la ile kauli ya mwanzo linapatikana. Alirogwa kwa kuomba alichoomba binti. Wasomaji wengi watakuwa wameshalihisi hilo, kwa hiyo lisifichwe kama mshangao. Samaki amwambie wazi katika sura ya 19, sura tatu kabla ya takwa: "Niliomba nichague mimi." Akishajua na bado akaomba, mshangao umepotea lakini uamuzi umepata nguvu, na uamuzi ndio unaombeba msomaji mpaka mwisho.

Ilsebill

Limebaki suala la mama. Rasimu ya kwanza ilimwacha kama ngano ilivyomkuta: mke mwenye tamaa, mkali, asiyetosheka. Kumsimulia hivyo leo ni kurithi lawama bila kuikagua. Mwanamke anayetaka kutoka katika kibanda kinachonuka mkojo hana tamaa, ana pua. Takwa lake la kwanza ni la haki kabisa, na riwaya inapaswa kusimama upande wake hapo bila kigugumizi. Kinachomharibu kinakuja taratibu: anagundua kwamba binti yake ni njia. Kila sura baada ya nyumba kuja, swali lake linafupika. Kwanza anaeleza, kisha anaomba, kisha anatazama tu kuelekea ufukoni na binti anainuka. Mwandishi ahesabu maneno ya mama katika kila tukio la namna hiyo na ayapunguze makusudi: maneno 120 katika sura ya 4, 40 katika sura ya 9, na katika sura ya 11 asiseme neno.

Mpango huo unamleta hadi sura ya 30. Wanakijiji wameshaanza kuja kwa binti na haja zao, naye ameshatoa maamuzi manne. Mawili kati ya hayo msomaji anayakubali, moja linamsumbua, na la nne ni baya na lilifanywa kwa uchovu. Kisha anakuja mama. Kikohozi cha mdogo kimerudi, kwa kuwa katika uamuzi wa tatu binti alimrudishia mjukuu wa mjane pumzi yake. Mama anasimama pale binti alipokuwa akisimama na anatumia wimbo uleule, ambao hakuwahi kufundishwa. Aliusikia akiwa amejificha nyuma ya mashua, maana yake alijua kila kitu tangu takwa la pili. Jambo hilo linahitaji maandalizi: nyayo mbichi mchangani katika sura ya 12, sketi iliyolowa pindo katika sura ya 13, na si zaidi ya hapo.

Rasimu ya kwanza ya sura hiyo iliendelea kwa kurasa sita baada ya wimbo, binti akilia na kueleza alichojifunza. Kurasa zote sita zinakatwa. Mgawaji ana swali moja tu la kumuuliza kila anayekuja, na amekwisha kuliuliza mara nne mbele ya msomaji, kwa hiyo la tano halihitaji kuandaliwa: "Nichukue kwa nani?" Mama analo jibu tayari, na kitabu kinafungwa kabla hajalitaja jina.